Tope Juu ya Polishi

Jirani yangu hapa Uthiru ni dereva, na ploti nzima humwita Dere. Lori analoendesha ni jipya, mali ya mzee mmoja tajiri wa Kitisuru. Kila Jumapili akitoka kanisani huliosha: ndoo moja ya bodi, ndoo nyingine ya magurudumu, na ole wako uchanganye matambara. Sabuni ya kufulia haitaki kabisa, anasema inakula rangi. Nati za magurudumu huzisugua moja moja kwa mswaki. Kisha hupaka polishi kwa fulana kuukuu, mkono ukizunguka polepole, mpaka mlango unaonyesha nguo zetu zilizoanikwa kwenye kamba.

Jumatatu iliyopita alinichanganya kichwa. Alichota tope mtaroni kwa kiganja, akaanza kulipaka lori lilelile. Alipaka magurudumu, akapaka milango, taratibu, kwa mizunguko ileile ya polishi.

"Dere, uko sawa kweli?"

"Niko sawa. Leo naipeleka kwa mzee aione."

"Sasa mbona unaichafua?"

"Akiipata inang'aa, atasema inalala tu, haifanyi kazi. Atatafuta dere mwingine."

"Na jana ulikuwa unaosha ya nini?"

Alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Ikiwa na polishi, tope haifiki kwa rangi."

Halafu akatoa kitambaa mfukoni, akafuta vidole vyake kimoja kimoja, ndipo akashika mlango.