Neno Lenye K

Mwaka ule mama alipopata kiharusi, kila nilipotoka shuleni nilikuta kazi ya pili ikinisubiri getini. Nilikuwa nimeshinda na Gredi ya Tano, darasa limejaa hadi mlangoni, koo limekauka. Nilichotaka ni kuvua viatu na kulala chali hata kwa robo saa. Badala yake nilitoa viti viwili vya plastiki, nikamkokota mama polepole hadi nje, nikamkalisha mahali barabara inapoonekana vizuri, tukaanza kuwinda maneno.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Karibu kila namba ya gari nchini huanza na K. Gari likipita, unachukua zile herufi tatu za kwanza na kutafuta neno lenye herufi hizo kwa mfuatano uleule. Katikati unajaza utakavyo. KBT, kabati. KDG, kidogo. KCP, kuchapa. Yenye X au Q tuliiita jiwe, kwa sababu hakuna anayeweza kuitafuna. Gari la pili likipita kabla hujajibu, umeliwa.

Mama ndiye aliyeuanzisha, zamani, akiuza nyanya na vitunguu Misikhu kando ya barabara kuu. Soko likipoa, alitukalisha mimi na kaka yangu juu ya makreti na kutuchezesha. Sheria zilikuwa zake. Neno lilipaswa kuwa la Kiswahili, maana Kibukusu, alisema, tulikuwa nacho bure nyumbani. Ukimletea la Kibukusu alikukata jicho na kusema, "Haihesabiki." Mwenyewe alikuwa mwizi wa mchana. Akibanwa, alibuni neno na kutuambia kwamba linatumika sana Mombasa. Hakuwahi kufika Mombasa.

Kiharusi kilimwachia mguu unaoburuta, mkono mmoja uliojikunja na mdomo usio na neno hata moja. Alipotoka hospitalini nilimleta kwangu Kitale, kwa sababu mimi ndiye sina mume wala watoto wadogo, na katika ukoo wetu hiyo huhesabiwa kuwa nafasi. Kaka yangu, ambaye ana duka la dawa za mifugo Bungoma mjini, alikuja tukakaa kikao. Tulijua mama anataka kurudi kwake Misikhu. Hakuweza kulisema, lakini kila asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, kitambaa kichwani, mkoba mapajani, akiutazama mlango. Kaka akatoa sharti, nami nikaliona la haki: siku atakapoweza kuomba anachohitaji, maji, dawa, mtu wa kumsaidia kwenda chooni, tutamrudisha. Majirani wa kule wako karibu na wanampenda, watamsikia. Asipoweza, tutaipangisha nyumba yake na atabaki kwangu.

Daktari alikuwa ameniambia nimzungumzishe sana. Mwalimu aliyechoka hana la kuzungumza, kwa hiyo nikaukumbuka ule mchezo. Nikajiambia kwamba nitamfikisha nyumbani kwa namba za magari.

Wiki za kwanza alitazama tu malori ya mahindi yakipita, jicho moja likitoa machozi kwa vumbi. Nilicheza peke yangu, nikajijibu, nikajipongeza, wapita njia wakanisalimia kwa huruma. Kisha jioni moja likapita lori la KCH, na mama akasema, taratibu, "Khocha."

Khocha ni mjomba kwa Kibukusu. Nilifurahi hadi nikasimama. Kesho yake bodaboda ya KMF ikapita, akasema "kamafura," mafuta. Siku nyingine, kwa KMC, "kamechi," yaani maji. Hilo la mwisho alilipenda kuliko yote. Pikipiki za KMC ni kuukuu lakini huku kwetu hazizikwi, kwa hiyo lilipata nafasi mara nyingi.

Furaha yangu haikudumu. Siku zilipita na Kiswahili hakikuja. Nilimwambia, "Hiyo haihesabiki, mama. Jaribu ya Kiswahili." Alinitazama kama anayetafuta mtu nyuma yangu. Nilirudia. Sheria ilikuwa yake, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na niliamini nikimlegezea atakwama hapo. Zaidi ya yote nilikuwa nimechoka. Nilimwogesha kabla ya alfajiri, nikafundisha, nikarudi, nikapika, nikamnyoosha ule mkono kidole kimoja kimoja. Kufikia jioni, akili yangu ilikuwa imebakiwa na nguvu za kukumbuka sheria tu.

Kaka alipopiga simu kuuliza habari, nilimwambia, "Bado. Hajapata hata neno moja la kumsaidia." Akasema kuna mwalimu amehamishwa kutoka Tongaren, anatafuta nyumba maeneo ya Misikhu. Alisema atakuja Jumapili tumalize hayo maneno.

Alikuja baada ya kanisa, na suti yake na mkate. Tulimpa kiti, tukakaa watatu getini chini ya jua kali. Nilitaka ashuhudie mwenyewe, asije akadhani nimekaa tu.

"Kamechi," mama akasema.

"Hapana, mama," nikajibu bila kumtazama. "Haihesabiki."

"Kamechi."

"Ya Kiswahili. Jaribu tena."

Kaka akaitazama barabara, juu na chini. "Kwani ni gari gani imepita?"

Hakuna lililokuwa limepita. Barabara ilikuwa tupu hadi kwenye kona.

Kaka akainuka, akaingia jikoni, akarudi na kikombe. Mama akakipokea kwa mkono wake mzima, akanywa hadi chini bila kupumua, maji yakimwagika kidevuni. Akaletewa cha pili. Akakimaliza pia, akafunga macho.

"Huyu alikuwa na kiu, bana," kaka akasema. "Ameanza kusema hivi lini?"

"Kitambo."

"Na wewe unamwambia ati haihesabiki?"

"Ni Kibukusu," nikasema. "Anapata Kibukusu tu. Kiswahili kimekataa."

"Sasa wewe mwalimu, huko Misikhu nani atamwongelesha Kiswahili?"

Nilimkasirikia. Anayekuja mara moja kwa mwezi husikia vizuri, masikio yake yamepumzika. Nilitaka kumwambia hivyo, nikashindwa, kwa sababu mama alikuwa amefungua macho na ananitazama, kidevu bado kimelowa. Nilifikiria zile jioni zote za KMC, nikajiuliza ni ngapi alikuwa anacheza na ni ngapi alikuwa anaomba. Nikalia pale getini, mtu mzima, majirani wakiona.

Mwalimu wa Tongaren alitafutiwa nyumba kwingine. Wiki hiyohiyo tulimpeleka mama kwake. Nilirudi Kitale, nikalala mchana mzima wa Jumamosi, na nilipoamka nilikuwa nimechoka vilevile.

Siku chache baadaye kaka akanipigia akiwa Misikhu. Nyuma yake nilisikia wanawake wakicheka, na sauti ya mama ikimkaripia mtu kuhusu kuku. "Ongea naye," akasema, akampa simu.

Mama aliniuliza kwa Kibukusu kama nimepumzika. Aliuliza taratibu, maneno matatu tu, yote yamenyooka. Nikaanza kumjibu kwa Kiswahili, nikajikata. Nikaanza upya kwa Kibukusu, nikafika katikati, na neno nililolihitaji halikuwapo. Nililijua tangu utotoni. Nilikuwa nimelisikia kwake sekunde hiyohiyo, na bado ulimi ulikwenda na kurudi mtupu. Nimefundisha lugha miaka yangu yote ya kazi, na nilisimama jikoni kwangu, simu sikioni, sina cha kumwambia mama.

Wale wanawake waliendelea kucheka. Mama hakucheka wala hakunisaidia. Alinisubiri.