Siku Niliyokamatwa Nikipima Nepi za Watu

Mkasa huu mke wangu huusimulia vizuri kuliko mimi, ila yeye huongeza chumvi, kwa hiyo ni afadhali niuandike mwenyewe ili niaibike kwa kiasi kile kile nilichoaibika, si zaidi.

Ilikuwa miaka ya tisini hapa Tunduma, simu za mkononi bado hazijatufikia, nami nilikuwa fundi redio mwenye kibanda si mbali na mpaka. Shuleni niliishia darasa la saba, mengine yote nimejisomea, na mtu aliyejisomea ana ugonjwa wake: akipata tatizo haulizi watu, anakaa chini analitatua peke yake kwa mantiki.

Tatizo lilikuja hivi. Tulipata habari kwamba mama mkwe ni mgonjwa sana kule bondeni Momba, na aliyeileta habari hiyo akaongeza, kama jambo la kupita tu, kwamba surua imeingia huko na watoto wanazikwa. Mke wangu asingeacha kwenda kumwona mama yake, na binti yetu Tusekile, aliyekuwa ametoka kutimiza miezi tisa, alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo asingebaki. Gari lao lilikuwa la kesho asubuhi. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akifikisha miezi tisa. Basi, mtoto achanjwe leo. Mama yake alikuwa amekwenda Mpemba kumuaga dada yake, nikaona nisimsubiri, nikafunga kibanda, nikamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge cha mama yake (ndiyo, mgongoni, na vijana wa kijiweni walinipigia miluzi mpaka nilipokata kona) nikaenda zahanati.

Nesi wa zamu alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya upole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza kwamba dawa ya surua huja ikiwa unga ndani ya kichupa, kichupa kimoja watoto kumi, na ukishaichanganya na maji yake lazima iishe siku hiyo hiyo, inayobaki inamwagwa. Ndiyo maana wana siku moja maalumu kwa wiki, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Sisi tulikuwa Jumatatu.

"Sikukatalii, Baba Tusekile," alisema. "Ila vichupa vimebaki viwili na surua ndiyo hiyo inapanda. Nikimfungulia mtoto mmoja, Alhamisi nitawarudisha wenzake na machozi. Nipatie wengine hata watano, nafungua saa hii hii."

Mtu mwenye akili za kawaida angekwenda kwa balozi wa nyumba kumi akamwomba atangaze. Mimi niliacha kadi ya mtoto juu ya meza ya nesi ili kushika nafasi (uamuzi niliouona wa busara kabisa) nikatoka nje, nikafikiri. Watoto wako wapi? Wako ndani, hawaonekani. Ni kitu gani cha mtoto kinachoonekana kutoka barabarani? Nepi! Penye nepi kwenye kamba pana mtoto, na kwa kuwa nilimhitaji wa miezi tisa, si aliyezaliwa jana, basi ukubwa wa nepi ungeniambia umri wake kabla sijasumbua mtu kwa kupiga hodi. Nilijisifu kimoyomoyo, nawaambieni ukweli.

Nikaanza kupita uani mwa watu nikikagua kamba. Nyumba ya kwanza nepi zilikuwa ndogo, nikapita. Ya pili hapakuwa na kitu. Ya tatu nilikuta kamba imejaa, lakini kwa mbali sikuweza kuamua, hivyo nikasogea, nikachukua moja, nikaitandaza kwenye kiganja na kuipima kwa shubiri.

Sasa, mimi ni mzaliwa wa Igamba, na jambo hili nimelijua tangu sijajua kusoma: nepi ya mtoto haishikwi na mgeni. Kwetu huanuliwa kabla jua halijazama, kwa sababu inaaminika kwamba mwenye nia mbaya akipata nguo ya mtoto amempata mtoto mwenyewe. Nilijua, lakini mantiki ilikuwa imenijaa kichwani pasibaki nafasi ya akili.

"Iwe, wewe! Unafanya nini na nepi ya mwanangu?"

Alikuwa mama mwenye nyumba, Mama Sichone, mwanamke wa miraba minne, mtoto mgongoni, mwiko wa ugali mkononi.

"Shikamoo," nikasema. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi tu.

"Shikamoo ya nini? Nakuuliza, unapima nini hapo?"

"Naangalia kama mtoto wako ni wa ukubwa ninaoutaka."

Nimeirudia sentensi ile kichwani mara nyingi sana tangu siku ile, na bado sijaona sentensi mbaya zaidi ambayo ningeweza kuichagua. Mama Sichone alipiga ukelele mmoja tu na akina mama wakatoka kila mlango, wengine na unga mikononi, karibu wote na watoto migongoni, na mmoja akaona kilichokuwa mgongoni kwangu.

"Mama wee, na mwingine ameshambeba! Huyo mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Wako? Mama yake yuko wapi?"

"Mpemba."

"Mmesikia? Mama yuko Mpemba, mtoto yuko hapa! Kadi yake iko wapi?"

"Nimeiacha mezani zahanati."

Wakacheka kicheko kisicho cha furaha. Tusekile naye, aliyekuwa ametulia muda wote, akaona huo ndio wakati wa kulia. "Kama ni wako, haya, mnyamazishe," akasema Mama Sichone. Mimi nyumbani humbembeleza kwa njia moja tu, ambayo ni kuiga redio inayotafuta stesheni, na sikuwa na njia nyingine, kwa hiyo nikasimama katikati ya wanawake wale na nepi mkononi nikafanya "kshhh, kriii, uuuiii, kshhh." Mtoto akacheka. Bibi mmoja akatikisa kichwa: "Amemroga tayari."

Lakini niseme jambo moja, na nalisema kwa heshima. Hakuna aliyenipiga. Mama Sichone aliwazuia vijana waliokuja mbio na fimbo, akawaambia hawagusi mtu mwenye mtoto mgongoni. Kisha akanifungua kitenge ("umemfunga kama gunia la kahawa, shingo inaning'inia!"), akamfunga Tusekile upya mgongoni kwa mwanamke mwingine, akasema: "Anadai zahanati. Twende zahanati. Akiwa mwongo, kituo cha polisi kiko mbele." Tukaenda, mimi mbele, akina mama nyuma, tukapita kijiweni kwa wale wale wa miluzi. Safari hii hawakupiga miluzi. Walivua kofia, kama wanaona maiti inapita.

Nesi alitoka mlangoni, akalitazama kundi lile lote, akanitazama mimi.

"Baba Tusekile," akasema, "nilisema watano, sikusema kata nzima."

Mama Sichone akageuka. "Sista, unamjua huyu?"

"Namjua. Kadi ya binti yake hii hapa. Mama Sichone, wewe nimekurudisha Alhamisi mbili kwa sababu dawa ilikuwa imeisha. Leo ipo. Nani mwingine hajapata ya surua? Msiondoke."

Hakuna aliyeondoka. Waliokuja kunikamata wakapanga foleni ukutani, wakiulizana miezi ya watoto, na nesi akakichanganya kile kichupa kwa mikono iliyotulia kama ya fundi anayeunga waya mwembamba. Dawa haikumwagwa hata tone. Watoto waliopungukiwa chanjo nyingine nao wakapewa. Tusekile alichomwa mkono wa kushoto, akalia kidogo, na sauti ya redio ilipohitajika tena, akina mama walinisaidia kuiimba, wakicheka mpaka wanashikana mabega. Nesi akaniambia kinga haiji siku hiyo hiyo, hivyo mama akifika bondeni amtenge mtoto na wagonjwa.

Mke wangu aliporudi jioni alikuwa ameshaambiwa yote stendi. Hakunisalimia, alifanya tu "kshhh, kriii" akaingia ndani.

Walikwenda, wakakaa karibu mwezi mzima, na mke wangu alifuata aliyoagizwa na nesi. Mama mkwe alipona. Walirudi wote wawili, mama na mtoto. Mke wangu aliniambia kwamba kule, wanawake aliocheza nao utotoni walikuja kumpokea na vitenge vyao vya kubebea watoto vikiwa vitupu begani.

Kwa hiyo kicheko cha mtaa nilikipokea kwa moyo mweupe, na bado nakipokea. Ila niliapa, na kiapo nimekishika mpaka leo nina mvi: nikitaka kujua umri wa mtoto wa mtu, nabisha hodi, nangoja nikaribishwe, namuuliza mama yake.