Ngazi za Mashamba Zilivyofumuliwa

Asubuhi niliyotoka Manika, mtaa wetu wa Kolwezi, sikujua naenda wapi. Nilijua tu kwamba nikikaa pale hadi mchana, nitamtukana mama mmoja wa kwaya mbele ya watoto wake. Nikachukua mfuko, sindano ya kroshe na shali ambayo haijakwisha, nikashika njia.

Hasira yenyewe ilikuwa hii. Jirani yetu, niliyemwita mama mukubwa ingawa hatukuwa ndugu, alizaliwa Kolwezi. Wazazi wake ndio walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Mimi niliacha shule mapema, nikawa mtu wa kuzunguka, lakini kwenye baraza lake nilitulia. Alifuma kwa kufuata majira. Mvua zikinyesha, alifuma vitambaa vyepesi vya meza vyenye majani ya muhogo. Pasaka ikikaribia, ilikuwa nyeupe tupu, kwa watoto wa komunyo ya kwanza. Na kabla ya baridi ya mwezi wa sita, shali za watoto wachanga. Mifano aliiokota popote. Siku moja alimpelekea mume wake chakula kazini Mashamba, mgodi uliochimbwa wazi kama shimo kubwa, akarudi, akaketi, akaanza kulifuma lile shimo: ngazi zake zinazoshuka duara kwa duara mpaka chini. Mtaa mzima ukaitaka shali hiyo.

Kwetu mfano hauandikwi. Unakwenda na uzi wako, mwenye mfano anakuanzia mistari ya kwanza kwa mkono wake. Unaifumua mbele yake, unafuma tena, anakucheka, unafumua tena, mpaka akuachie. Na watu wakikuuliza, unasema nani alikuanzia. Asiyesema anahesabiwa mwizi.

Halafu wakubwa wa siasa wakaanza kusema kwenye mikutano kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Mama mukubwa hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja! Vijana wenye fimbo walipofika mlangoni kwake, aliondoka na mume wake, masufuria na godoro, wakaenda kukaa nje ya stesheni katika umati uliokuwa ukingoja treni. Nilimpelekea uji, na uzi wangu pia. Alikuwa ananionyesha jinsi ngazi zinavyogeuka kwenye kona wakati mabehewa yalipoingia. Watu wakasukumana kupanda, wakamchukua katikati yao, na mkono wake ukatoka kwenye uzi wangu. Kona sikujifunza.

Niliporudi, nyumba yake ilikuwa wazi. Waliokuwa ndani hawakuwa wale vijana. Walikuwa mama za kwaya, watu waliokula kwake kila Noeli. Uzi wa sufu ulikuwa umeadimika sokoni na baridi ilikuwa inakuja, basi waligawana shali zake, wakakaa kwenye viti vyake, wakazifumua. Zote! Hawakubakiza hata moja ya kutazamia. Walizungusha mabonge yao huku wakiimba.

Baada ya siku chache mmoja wao akaja kwangu, bonge mkononi, akiniita kama mtu anayemwita ndugu yake mkubwa.

"Yaya, we ulikuwa unaikalaka naye barazani kila siku. Utuanzie ile ya Mashamba."

"Mulikuwa nayo, mukaifumua."

"Tuliwaza tutakumbuka. Si iko ngazi tu?"

"Basi mupande."

Akacheka, akidhani natania. "Usikasirike, yaya. Na ukitufundisha, usisemake iko ya nani. Tutasema iko ya parokia yetu."

Ya parokia! Wamemwacha mtu afukuzwe, wamefumua kazi yake, na sasa wanautaka hata mkono wake uwe wao. Nilimfungia mlango. Kesho yake ndiyo asubuhi hiyo niliyotoka.

Lori la makaa lililokuwa linarudi tupu upande wa magharibi lilinichukua, likanishusha Mutshatsha jua likiwa limeanza kuegemea. Karibu na reli kulikuwa na mama anayeuza makaa kwa mafungu. Nilimsalimia, nikamwuliza kama anajua mahali pa kulala. Alikuwa anatazama ile shali isiyokwisha, niliyojifunga shingoni kwa ajili ya upepo.

"Hii, nani alikuanzia?"

Ningeweza kusema ni mama yangu. Wateja wawili walikuwa wamesimama pale, sikuwajua, na sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Mama mumoja wa Kasai," nikasema. "Balimufukuza Kolwezi."

Mteja mmoja aliguna, akachukua makaa yake, akaondoka. Mwenye makaa akalivuta pindo la shali pale nilipoishia, akalipitishia kidole chake cheusi.

"Na kona?"

"Kona sikuipata. Treni iliingia."

Aliliachia pindo. "Bon. Nyuma iko chumba. Iko na magunia, lakini mvua haiingiake. Kesho utanianzia. Na utaniambia jina yake, ju batu bataniuliza."

Tukaburuta magunia upande mmoja, nikatandika kitenge changu.