Ukurasa wa Tatu wa Daftari la Shangazi

Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa na kazi mbili. Siku za wiki alitunza wazee majumbani mwao. Jumamosi alikuwa fundi wa Wakenya wote wa Hyattsville, huko ughaibuni, wapende wasipende. Cherehani ilikaa juu ya meza ya chakula, kwa hiyo tulikula tumepakata sahani. Hadi leo nikisikia cherehani ikikimbia, njaa inanishika.

Kila Novemba kanisa letu lilikuwa na ibada ya shukrani, na bila sare haikuwa ibada. Kitenge kililetwa na yeyote aliyekwenda nyumbani, kimebanwa sandukuni pamoja na majani chai, na kikiisha kimeisha. Wanawake walishonewa gauni, wanaume shati. Vipimo viliandikwa daftarini: ukurasa wa kushoto akina mama, wa kulia akina baba. Siku yenyewe kila upande uliitwa, ukapita katikati ya viti ukicheza na kujigeuza. Nilizipenda siku zile kupita kiasi. Nilipenda pilau, nilipenda kelele, nilipenda hata watoto waliosemeshwa Kiswahili wakajibu Kiingereza. Nilichochukia ni gauni tu.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, nami niliishi kwake nikisoma chuo kikuu pale College Park. Mwaka wa pili nilialikwa kwenye kikundi cha wanafunzi waliokaa duara wakila biskuti. Mmoja akasema hajioni kuwa mwanamke wala mwanamume, akalisema kama mtu anayeagiza chai. Niliacha kutafuna. Maisha yangu yote nilidhani jambo hilo ni langu peke yangu, kumbe lina watu, tena lina biskuti. Nililia ndani ya basi mpaka nyumbani, kwa furaha.

Shangazi nilimwambia akinipima.

"Shangazi, mimi si msichana. Na si mvulana pia."

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. "Sasa nikuandike wapi?"

"Sijui."

"Umesoma mpaka university na hujui, halafu mimi ndiye nita-figure out?"

Akanikata jicho, akafunga daftari. Hatukulizungumza tena.

Asubuhi ya ibada nilikuta nguo mbili zimetundikwa mlangoni mwangu, gauni na shati. Yeye aliona amenitendea wema, nichague. Mimi niliona nimewekewa mtihani uleule, ila sasa umepigwa pasi. Nikapandwa na hasira, nikasema sitaki hata moja na siendi. Mwaka ujao pia siendi.

Nilitarajia anigombeze. Alikaa kitandani pangu na rola kichwani.

"Leo hutaenda. Mwaka ujao utasema una exam. Halafu utahama, utakuwa unapiga simu Krismasi. Watu hutupotea hivyo, mimi nimewaona." Akainuka. "Mtoto wa kaka yangu hapotei kwa sababu ya nguo. Leta hizo vitu."

Kitambaa kipya hakikuwepo, kwa hiyo alizifumua zote mbili. Niliposhika wembe kumsaidia, akanipiga kofi mkononi: "Utaniharibia!" Alichukua kola na mikono ya shati, akaviunga na upana wa gauni, likatoka vazi refu la kufika magotini. Ndege waliochorwa kwenye kitenge walikatika kiunoni, kichwa huku mkia kule. Nikaomba mifuko. Akasonya, akaweka miwili.

Shangazi hakuwahi kuchelewa kanisani. Siku hiyo tuliingia akina mama na akina baba wamekwisha kupita, na mshereheshaji akiwa na kiu ya kumtania mtu.

"Fundi wetu amechelewa! Fundi, kuja na kazi yako tuione!"

Kwa desturi fundi hupita mwisho, peke yake, akapigiwa makofi. Shangazi alinishika mkono. Miguu yangu ilikataa; akaivuta pamoja nami.

"Kazi yangu ndiyo hii," akasema, na tukapita.

Makofi yalipungua. Mzee mmoja aligeuza uso kuelekea dirishani, na nikamwona. Kisha bibi mmoja wa safu ya nyuma akapiga kigelegele, sijui kama alielewa au alipenda tu rangi, na wengine wakafuata. Nilitia mikono mifukoni nikajigeuza, kama kila mtu.

Wakati wa pilau alitujia mama mmoja aliyetoka Annandale. Alishika pindo la vazi langu, akamnong'oneza Shangazi kwamba mwanawe, aliye chuo kule kwao, hubaki ndani ya gari ibada ikiendelea, huu mwaka wa tatu sasa. Je, mtindo huu unaweza kushonewa mtu mwingine?

"Mwite nimpime," Shangazi akasema, akatafuta utepe mkobani.

Alipostaafu na kurudi Kenya aliniachia cherehani na daftari. Ukurasa wa kushoto ni akina mama, wa kulia akina baba. Ukiufunua unafika ukurasa wa tatu ambao hauna kichwa. Una vipimo vya watu saba, kwa kalamu tofauti, miaka tofauti. Vya kwanza ni vyangu, na kando yake ameandika: mtoto wetu, mifuko miwili.