Petroli Iliyokuwa Ikiisha Jumapili

Siku hiyo naikumbuka kwa pua kwanza, mwanangu, halafu ndio macho yanafuata. Imenirudia juzi hapa Gitothua, nilipoingia kwa nyumba ya mjukuu wangu nikakuta pikipiki imesimama karibu na kochi, na ule mpira wa kutoa petroli kwa tangi kupeleka kwa kabureta umefungwa na karatasi ya nailoni. Nikamuuliza, "Hii ni nini?" Akasema, "Cucu, hiyo ni ya muda tu." Ya muda! Nikamwambia aketi. Na wewe unayesoma, keti, kwa sababu najua hata yako imefungwa na kitu.

Nilikuwa mke mchanga. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kiandutu, mimi na mume wangu Njuguna na mtoto wetu Wanjiru, aliyekuwa bado ananyonya. Njuguna alikuwa na pikipiki kuukuu ya kubeba maziwa kutoka Gatongora mpaka kwa hoteli za Thika. Hiyo ndiyo ilikuwa shamba letu, ndiyo ilikuwa ng'ombe wetu. Ikilala, na sisi tunalala njaa. Kwa hivyo jioni haikuachwa nje ichukuliwe na watu. Iliingizwa ndani, ikasimama kati ya kitanda na sufuria kama mgeni asiyejua kurudi kwao.

Sasa kukaanza jambo ambalo nikilifikiria hata leo kichwa kinazunguka. Jumatatu mpaka Jumamosi pikipiki inaenda vizuri. Jumapili asubuhi tunajitayarisha kwenda kanisani, mimi nimeshaiosha tangu jana inang'aa, maana watu wa kanisa wana macho. Njuguna anafungua tangi, anachungulia, anatikisa. Kumekauka. Jumapili hii, Jumapili inayofuata, na nyingine. Si Jumanne, si Alhamisi. Ni Jumapili tu. Namwona amechuchumaa kando yake, anashika hapa, anashika pale. Nikimuuliza, "Baba Wanjiru, petroli imeenda wapi?" ananijibu, "Vaa viatu, tutatembea."

Nikawaza ni Shetani hataki twende kanisani. Nikaomba. Petroli ikaendelea kuisha. Nilipochoka kumshuku Shetani, nikaanza kumshuku jirani.

Jirani alikuwa Mama Akinyi, mama wa kutoka pande za Kisumu, aliyekaanga mandazi mbele ya mlango wake. Jumamosi nilipoenda kuchota maji, yeye ndiye aliyekaa na Wanjiru kwangu. Nikajiambia, ni nani mwingine anaingia humo? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nikaishika hiyo methali vibaya, nikaenda nayo mpaka kwa mfereji, watu wamejaa na jerikeni zao.

"Mama Akinyi, siku hizi unawasha moto na nini?"

"Na makaa, kama wewe. Kwani?"

"Nauliza tu. Petroli yetu inapotea."

Akaweka jerikeni chini. "Yawa! Mama Wanjiru, sasa mimi niweke petroli kwa mandazi? Watu wa stendi wakikula, si watawaka wakitembea?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Na yeye, ukimwangalia vizuri, hakucheka. Kutoka siku hiyo hakumshika mtoto wangu tena, na petroli bado ikaisha Jumapili iliyofuata. Nikachanganyikiwa zaidi.

Ikafika Jumamosi moja, akaja Tata Wairimu, shangazi ya Njuguna. Yeye ndiye alimlea, na maisha yake yote alikuwa mchumaji wa kahawa huko Ruiru. Njuguna alikuwa ameenda kunyolewa. Pikipiki nilikuwa nimeshaiosha na kuiingiza ndani, Wanjiru amelala kitandani. Mimi niko nje napepea jiko mpaka makaa yashike na moshi uishe, ndio niliingize ndani nipike ugali, vile tulivyozoea. Nikalibeba. Nikafika mlangoni.

"Weka chini," Tata akasema.

"Tata, ugali..."

"Nimesema weka chini. Hapo hapo. Urudi nyuma."

Nikadhani amekasirika kwa sababu sikumpa chai mapema. Akamnyakua Wanjiru kitandani, akatoka naye nje, akaniambia nisukume hilo jiko mbali na nyumba. "Wewe hunusi?"

Sikuwa nanusa, mwanangu. Pua ikiishi na kitu inakizoea. Nikachungulia ndani. Chini ya pikipiki udongo ulikuwa mweusi, umelowa. Sakafu yetu ya udongo ilikuwa imekunywa petroli Jumamosi zote hizo na haikutuambia kitu. Na jiko nilikuwa naliingiza humo humo, ni Mungu tu alituzuia kuwaka.

Njuguna akarudi, kichwa kinang'aa, akaamriwa aitoe pikipiki nje. Tata Wairimu hakujua mambo ya injini, na spana hakuwahi kushika. Alitusimamisha tu, mimi huku, Njuguna kule, pikipiki katikati. "Kila mtu aseme amefanya nini na hii kitu. Usiniambie mwenzako amefanya nini. Sema wewe."

Njuguna akaangalia viatu vyake. "Mpira ulipasuka. Nikasugua sabuni ya kipande kwa ule ufa, nikafunga na kitambaa. Petroli haiyeyushi sabuni, Tata. Inashika kabisa. Kila Jumapili jioni nasugua nyingine, inakaa wiki nzima. Koki ya tangi nayo imekwama, haifungi. Lakini sijui ni kwa nini inaachilia Jumapili. Jumapili tu!"

"Ulimwambia bibi yako?"

"Sikutaka aogope."

"Na wewe?"

"Mimi nimeiosha tu, Tata."

"Umeosha wapi?"

"Kila mahali. Hapo chini ya tangi kulikuwa na kitambaa kichafu, kina utelezi mweupe kama kamasi. Nikakifungua, nikausugua huo mpira na gunzi la mahindi na maji moto, nikakifua, nikakifunga tena. Kila Jumamosi."

Njuguna akashika kichwa chake kipya. "Ukaosha sabuni yangu yote, ukakifunga tena?"

"Vizuri kuliko vile ulikuwa umefunga."

Mama Akinyi alikuwa kwa mlango wake na mwiko mkononi, anasikia yote. "Ngai, Mungu wenu!" akasema. "Kumbe mwizi ni msafi namna hii?"

Ardhi ingepasuka ningeingia. Lakini kilichonimaliza si hicho, ni maneno ya Tata. Hakupaza sauti. "Mmoja anaziba kimya, mwingine anafungua kimya, na mtoto amelala katikati. Mlikuwa mnangoja moto ndio uwaulize?"

Kesho yake hatukwenda kanisani. Njuguna alinunua mpira mpya wa petroli, si wa maji, akaisukuma pikipiki mpaka uwanjani penye upepo. Hakuna jiko karibu, hakuna sigara. Akamimina petroli kidogo iliyobaki kwa jerikeni akaifunga, akatoa ule mpira uliooza, akatia mpya na klipu pande zote mbili, na koki pia akabadilisha. Akairudisha petroli kwa tangi, akaweka katoni kavu chini yake, akangoja. Mimi nikasimama naye nikiangalia hiyo katoni, kwa sababu sasa nilikuwa nataka kujua. Ikakaa kavu.

Halafu nikaenda kwa Mama Akinyi, wateja wake wakiwapo, maana nilimwaibisha mbele ya watu. Nikasema nilimkosea. Akageuza mandazi, akageuza tena. "Leta huyo mtoto," akasema. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza.

Lakini nakwambia ukweli, mpaka leo sielewi. Watu wawili wanakula kwa sahani moja, wanalala kitanda kimoja, wanaomba pamoja, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Nimefunga kitambaa hapa," au kuuliza, "Hiki kitambaa ni cha nini?" Maneno madogo hivyo! Niliona ni rahisi kumuuliza Mungu, na kumuuliza jirani kwa ubaya, kuliko kumkazia mume wangu. Nimezeeka nikiligeuza hilo jambo na bado linanishinda.

Basi shika hili, mwanangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ni kweli, lakini wahenga hawakusema uzibe ufiche. Sabuni ni ya kukufikisha kwa fundi, si ya kulala nayo. Ukiziba kitu cha nyumba, pikipiki ama deni ama ugonjwa, waambie wale unaolala nao umeziba wapi na umeziba na nini. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hicho kilio si chako peke yako. Na wewe mwingine, ukikuta kitambaa usichokijua, usikimbilie kukifua. Uliza. Na kabla ya kumtaja jirani, kwanza angalia sakafu yako.

Mungu akupe mkono wa kutengeneza na mdomo wa kusema. Akuachie pua inayonusa. Jiko lako liwake mahali panapofaa, na mtoto wako alale mpaka aamke mwenyewe. Sasa inuka, kabla giza halijaingia, uitoe hiyo pikipiki nje.