Figo ya Hardy: Msusi wa Albert Park Aliyekwama kwa Herufi Moja

Saa mbili asubuhi, Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu. Katika saluni ndogo chini ya ghorofa moja la Albert Park, mjini Durban, Constance Nabintu anasuka rasta. Anafika katikati ya kichwa, anasimama. Anaufumua msuko, anauanza upya, anaufumua tena.

"Dada, hicho ni kichwa changu, si mkeka," mteja analalamika.

"Mvumilie," anajibu Benedicta, Mtanzania mwenye saluni, kutoka kiti cha pili. "Leo vidole viko hapa, roho iko hospitali."

Kweli tupu. Saa nane mchana Constance, mwenye miaka arobaini na mitatu, ataketi mbele ya watu watatu wa hospitali, nao watamuuliza kwa nini anataka kutoa figo yake. Akijibu vizuri, mdogo wake Hardy huenda akapona. Akijibu kama alivyojibu mara ya kwanza, faili linafungwa.

Kusuka ndiko kunakomlisha. Kichwa kimoja ni rand mia tatu, nusu yake ya saluni, na wiki ya Pasaka huweza kumaliza vichwa vitatu kwa siku. Wiki hii amemaliza vinne tangu Jumatatu. Hali chakula, usiku halali. Simu ikilia anaruka kama aliyeungua kwa yale maji ya moto wanayochovyea ncha za rasta.

Hardy ni fundi simu. Sasa fundi mwenyewe anategemea mashine: mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, damu yake inatoka, inasafishwa, inarudi.

Madaktari wanasema chanzo ni shinikizo la damu. Constance hakubali.

"Wanasema iko presha," anasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, Kongo. "Bon. Lakini wao hawakuwa chini yake. Mi nilikuwa."

Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa akiuza viatu vya mitumba kando ya barabara. Asubuhi moja Hardy alimsihi asifungue, maana mjini kulikuwa na fununu za watu kuwapiga wageni. Constance alimcheka, akamwita mwoga, akapanga viatu vyake. Kabla ya adhuhuri wakashuka vijana wenye fimbo.

"Hardy alinilalia juu kama blanketi. Nilihesabu fimbo tisa. Hakuna hata moja yenye ilinigusa. Ubishi ni wangu, mgongo ni wake."

Tangu siku hiyo kila Ijumaa anafunga, hafungui kinywa hata kwa maji. Anajitesa, asema, ili angalau maumivu wayaonje wote wawili. Figo za Hardy zilipogoma, miaka miwili iliyopita, moyo wake ulimwambia: ni zile fimbo, na saa yako ya kulipa imefika. Akapimwa, damu zao zikakubaliana.

Mwezi wa pili mwaka huu akaitwa kwenye mahojiano. Kiingereza chake ni cha bei, rangi na urefu wa nywele, hivyo wakampigia mkalimani kwa simu. Alikuwa Gadiel, kijana Mtanzania anayesoma chuo kikuu, Westville. Laini ilikuwa ikikatika.

"Kwa nini unataka kumpa figo?" aliulizwa.

"Niko nalipa," akajibu Constance.

Gadiel akasikia *nalipwa*. Akatafsiri hivyo hivyo: mama huyu analipwa.

Afisa ustawi wa jamii pale hospitali akaweka kalamu mezani. Figo haiuzwi, sheria haitaki hata kusikia. Akauliza ni nani anayemlipa. Gadiel naye akauliza kwa neno moja tu: "Nani?"

Constance alidhani anaulizwa anamlipa nani. "Hardy," akasema, tena kwa sauti ya kujivunia.

Barua ya kusimamisha kila kitu ilikuja baada ya wiki moja. Alipomtafuta Gadiel na kumpelekea amsomee, kijana alisoma mistari miwili, akaishusha.

"Mama, si ulisema unalipwa?"

"Nilipwe na nani? Na mgonjwa? Eish, Gadiel, umeniua!"

Kitendawili: watoto watatu wa tumbo moja; wa kwanza anatoa, wa pili anapokea, wa tatu katolewa kifungoni na mwenzake. Jibu ni kulipa, kulipwa na kulipiwa. Wanafanana sura, ila ole wako umpeleke mmoja mahali pa mwingine. Gadiel aliandika barua ya kukiri kosa lake, na hospitali ikakubali kumsikiliza Constance mara ya pili, mkalimani akiwa chumbani.

Lakini kosa lile lilifumua na jambo jingine. Hardy alipopata habari, hakucheka. Alisema hata *nalipa* hakulitaka, na fomu ya kupokea figo akakataa kuitia sahihi.

"Yaya, siku ile sikukukopesha mgongo," alimwambia, maana kwao dada mkubwa ni yaya. "Nilikupa. Ukinilipa, unanigeuza mchuuzi."

Saluni nzima inaijua kesi hiyo, na Benedicta ana upande wake.

"Shoga, kesho tunakwenda kanisani kufanya nini?" anamchokoza, chanuo mkononi. "Kama kila mtu anajilipia, Yesu alipanda Golgotha kutembea?"

"Yesu ni Yesu. Hardy ni mtu, na figo zake zimekufa."

"Basi mpe figo. Nani kakukataza? Ila usimpe kama risiti."

Constance anazidi kusuka. Anamaliza kichwa kwa shida, anavua aproni, anaondoka bila kugusa chai.

Saa nane na robo anaketi mbele ya wale watatu. Swali la zamani linakuja, naye anasema Hardy ni ndugu yake na anataka aishi. Ndipo daktari mwanamke anauliza jambo ambalo hakulitarajia: mwili wa Hardy ukiikataa hiyo figo, ikaharibika mwezi wa kwanza, wewe utajisikiaje?

Anamwomba mkalimani alirudie swali.

"Mwanzo, ningelia kwamba deni iko palepale," anasema hatimaye. "Ningetafuta kitu kingine cha kukata. Sasa... nikitoa, imetoka. Ni yake. Hata ikioza, ni yake."

Wanaandika. Hawamwambii kitu. Jibu, wanasema, ni Jumatano baada ya Pasaka.

Hardy ametoka kwenye mashine, amekaa kwenye benchi la korido, uso umemsinyaa.

"Umewaambia unalipa?"

"Hapana."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba nataka uzeeke, unisumbue."

Hardy anacheka kidogo, kisha anaomba kalamu. Ile fomu aliyoikataa anaiweka juu ya goti, anaitia sahihi polepole.

Wakikubaliwa, Constance atakaa wiki sita bila kusuka, na Benedicta ameapa hatampa mtu kiti chake. Wakikataliwa, hajui. Kuna jambo moja tu ambalo hataki lingoje Jumatano.

"Miaka kumi na moja sijawahi kumwambia hili neno," anasema. "Niliogopa nikilitamka, nitaonekana nimemaliza kulipa."

Anamgeukia mdogo wake, anamshika mkono wenye bandeji ya sindano za mashine.

"Hardy. Aksanti."