Tumbo Nililoliita Mtoto

Ninawasalimu, akina mama na wazee mliofika. Naitwa Auma. Hapa Luanda Kotieno wengi mnaniita nyar Asembo, yaani binti wa Asembo, kwa kuwa nilizaliwa Asembo Bay, nikaolewa huku na Okumu, fundi wa mashua. Nesi wa zahanati yetu ameniomba niwaambie yaliyonipata. Nitayasema yote, hata ya chooni. Mwenye haya atazame chini, lakini asizibe masikio.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa omena, hawa dagaa wa ziwa letu. Mashua zikifika asubuhi, tulikuwa tukiingia majini kuzipokea, maji yakitufika mapajani. Tulisuuza omena papo hapo kwenye mabeseni, kisha tukazitandaza juu ya nyavu kuukuu zikauke. Nikitoka majini miguu ilikuwa ikiniwasha. Sikuona ajabu, kwa sababu wote tuliwashwa. Nilikuwa na nguvu, na nilikuwa nikibeba gunia kichwani hadi barabarani bila kupumzika.

Kuhara kulianza polepole. Siku mbili kunakuja, wiki nzima kunapotea. Kisha nikaanza kuona damu chooni, kidogo, kama uzi mwekundu. Nikajiambia ni pilipili. Nikaacha pilipili, na damu haikuacha kuja. Mwili ukawa mzito. Mikono na uso vikakonda, lakini tumbo likaanza kujaa. Hedhi nayo ikapotea.

Hapa ndipo kosa langu lilipoanza. Mimi na Okumu tulikuwa na mtoto mmoja tu, Achieng, naye alikuwa ameshakwenda shule ya bweni. Baada yake mimba mbili zilikuwa zimeharibika, kisha miaka mingi hakuna kitu. Siku moja mama mkwe wangu, Mama Dorka, alinitazama nikiinuka kwa shida, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nyar Asembo, Mungu amekukumbuka?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilicheka tu. Yeye akapiga magoti palepale kwenye majani akashukuru.

Kuanzia siku hiyo Mama Dorka alikuwa akiniletea uji wa wimbi kila asubuhi. Hakuniacha nichote maji. Okumu, ambaye hana maneno mengi, alichonga kitanda kidogo cha mbao kutoka kwa masalia ya mashua. Na mimi nilijidanganya. Tumbo likinguruma, nilisema mtoto ameamka. Likikaza upande wa kushoto, nilisema huyo ni kichwa. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na nilitaka sana iwe kweli.

Wakati huo serikali ilikuwa ikifanya utafiti kwenye vijiji vya ufuoni. Walitaka kujua kama huduma za afya na misaada ya jamii zinawafikia watu kweli, ama zinaishia kwa makaratasi. Nyumba zilichaguliwa kwa kura, na yetu ikatoka. Karani aliyekuja alikuwa dada mtulivu, jina lake Lilian, na kishikwambi chake kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua.

Okumu alimuuliza, "Ukishaandika, utatuletea nini?"

"Leo naleta maswali tu, Baba. Na swali ambalo hamtaki, mnaliruka. Hakuna ubaya."

Tulikaa sebuleni, Mama Dorka kando yangu. Lilian aliuliza kuhusu choo, maji, kadi ya hospitali, kama Mama Dorka anapata msaada wa wazee. Kisha akaniuliza, "Umewahi kupewa dawa ya kichocho?"

"Hiyo ni ya watoto. Wanapewa shuleni."

"Na wewe umewahi kuona damu ukienda choo?"

Mnajua mambo yetu. Mke hawezi kuzungumzia choo chake mbele ya mama mkwe. "Hapana," nikasema.

"Una mimba?"

Mama Dorka akajibu kabla yangu. "Ndiyo! Andika ndiyo."

"Umeenda kliniki ya wajawazito mara ngapi?"

"Tatu," nikasema. Sikuwa nimekwenda hata mara moja. Nilijua wakinipima watatafuta mtoto, na moyoni niliogopa kwamba hawatampata.

Lilian aliandika. Alipoomba kuona kitabu cha kliniki, nilisema kimebaki Asembo kwa mama yangu. Alinitazama kidogo, si kwa ubaya. Tulipomsindikiza hadi barabarani, alibaki nyuma nami akasema, "Mama, wiki ijayo timu yetu italeta mashine ya kupiga picha ya tumbo hapo zahanati. Utaingia peke yako. Hakuna mtu wa nyumbani ataambiwa kitu."

Wiki ikafika, na mashine ikaja. Nilikaa nyumbani nikichambua omena.

Mwezi wa tisa kwa hesabu ya Mama Dorka ulipita. Wa kumi ukapita. Akaanza kunyamaza. Jirani mmoja alisema hiyo ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko. Okumu akamwambia asikanyage tena kwetu. Lakini usoni pake niliona naye ameanza kuogopa. Ngozi ya tumbo langu ilikuwa imekaza na kung'aa, na mishipa imechorwa juu yake. Miguu ilivimba. Chakula kidogo tu kilinishibisha.

Asubuhi moja, kama saa nne, nilikuwa nageuza omena juani. Nikasikia joto likipanda kifuani. Nikadhani ni uji. Nikafungua mdomo, na ikatoka damu. Haikuwa uzi tena. Ilijaa viganja vyangu viwili ikamwagikia nyavu. Nilitapika mara ya pili nikiwa nimepiga magoti. Kitu ninachokumbuka ni sauti ya Okumu akikimbia huku ameshika randa mkononi, amesahau kuiweka chini.

Zahanati wakanitia maji kwa mshipa, wakaita gari la wagonjwa. Njia yote mpaka Kisumu nesi alikuwa akinipiga mashavuni akisema, "Mama, usilale. Niambie jina la binti yako." Nilimwambia Achieng. Akauliza tena. Nikamwambia tena.

Kule hospitalini wakaniongeza damu, chupa baada ya chupa. Okumu naye alitoa yake ili kurudisha kwenye akiba. Wakaniingiza mpira mrefu wenye kamera kupitia kooni. Mishipa ya umio ilikuwa imevimba, na mmoja ulikuwa umepasuka. Waliifunga kwa vipete vidogo vya mpira. Sitawadanganya, ni kitu kigumu. Unataka kutapika na huwezi. Lakini damu ilisimama.

Siku ya tatu daktari alikaa kitandani pangu. Alikuwa mama wa makamo. Alichukua mkono wangu, akauweka juu ya tumbo langu upande wa kushoto, akabonyeza taratibu.

"Unasikia ukingo huu mgumu?"

"Nasikia."

"Ulidhani ni nini?"

Machozi yakanitoka. "Kichwa cha mtoto."

Hakucheka. "Huu ni wengu, Mama. Hukaa umejificha chini ya mbavu. Wako umekua mpaka umefika hapa. Kilichobaki ni maji." Akanieleza kwamba kichocho kinatoka kwa konokono wa ziwani, kinaingia kwa ngozi ukiwa umesimama majini. Minyoo inakaa ndani miaka mingi ikitaga mayai. Mayai yanaingia kwenye ini na kuacha makovu, damu inakosa njia, inarudi nyuma na kujaza mishipa isiyoiweza. "Ulianza kuugua ukiwa msichana," akasema. "Hakuna mtu aliyekuloga."

Mama Dorka alifika siku iliyofuata na kitambaa kipya cha kumfunga mtoto. Okumu alikuwa ameshindwa kumwambia. Mama mkwe alikitandaza miguuni pangu, akatazama huku na huku.

"Mtoto wamempeleka wapi?"

"Mama, hakuna mtoto. Hakukuwa na mtoto. Nilikuwa nikitoka damu chooni muda wote huo, nikanyamaza. Nilikuacha uamini."

Wagonjwa wa vitanda vya karibu walikuwa wakisikiliza, na mimi nilingoja anilaani. Aliinuka polepole. Akachukua beseni chini ya kitanda, akaenda kuchota maji ya moto, akarudi. Akachovya kile kitambaa kipya ndani ya maji, akakikamua.

"Geuka," akaniambia. "Mgongo wako unanuka dawa."

Alinipangusa kuanzia shingoni mpaka kwenye nyayo. Alipomaliza ndipo akalia, na mimi nikalia, na hatukuulizana tena.

Nilipopata nguvu walinipa dawa ya kichocho, vidonge vikubwa vichungu. Kichwa kilizunguka siku hiyo, tumbo likauma, kisha ikapita. Nilirudi Kisumu mara tatu kufungwa mishipa mingine. Maji yakaisha tumboni kidogo kidogo, mpaka siku moja nikaweza kufunga leso bila kupumua kwa nguvu. Ini langu lina makovu, na daktari ameniambia hayatafutika. Nameza kidonge cha mishipa kila siku. Sibebi tena gunia. Lakini nakula, nalala, natembea mpaka kanisani na kurudi.

Lilian alirudi miezi kadhaa baadaye kwa maswali ya awamu ya pili. Alinikuta nimekaa nje, tumbo limenywea, na hakujua aniulize nini. Nikamwambia, "Majibu yale ya kwanza nilikudanganya. Nataka yabadilishwe."

"Ya kwanza siwezi kuyafuta," akasema. "Lakini naweza kuandika kwamba umeyasahihisha, na kwa nini."

"Basi andika. Damu niliiona. Kliniki sikwenda. Na kwa nini: nilikuwa naogopa aibu, na hakuna mtu aliyewahi kutuambia kichocho ni cha watu wazima pia."

Mama Dorka alikuwa mlangoni akichambua mchicha. Nilidhani ataondoka, maana maneno ya choo yalikuwa yameanza tena. Badala yake akaweka ungo chini, akaja, akaketi kwenye benchi upande wa pili wa Lilian.

"Na mimi niandike," akasema. "Hiyo damu ninayo. Tangu Okumu akiwa anatambaa."

Nilimtazama. Tumeishi boma moja miaka kumi na sita, tunatumia choo kimoja, na kila mmoja wetu alikuwa akimficha mwenzake ugonjwa uleule.

Lilian aliandika muda mrefu. Kesho yake nilimshika Mama Dorka mkono nikampeleka zahanati mwenyewe. Alipimwa, akapewa dawa. Ini lake bado lina nafuu kuliko langu.

Watu wa utafiti walikuja baadaye kwenye baraza la chifu wakasema waliyosikia nyumba kwa nyumba. Moja ni kwamba dawa iliwafikia watoto shuleni na kuwapita wazazi wao majini. Ndiyo maana leo vidonge hivi vimeletwa hapa ufuoni kwa watu wazima. Sijui serikali itaendelea hivi kwa muda gani. Najua leo vipo.

Namshukuru Mungu aliyenitoa pale kwenye nyavu nikiwa hai. Nawashukuru nesi wa gari lile, daktari, na watu waliotoa damu yao bila kunijua. Namshukuru mume wangu, ambaye kitanda kile alimpelekea jirani aliyejifungua, wala hakunilaumu. Na Mama Dorka, yuko pale mbele, mnamwona.

Ushauri wangu ni mfupi. Tumbo likikua, lipeleke likapimwe, hata kama unaogopa jibu. Ukiona damu, sema. Mtu akija mlangoni na maswali ya afya, mwambie ukweli, na kama kuna mtu ambaye mbele yake huwezi kusema, mwombe karani mtoke nje. Na nyinyi akina mama wakwe, waulizeni wake wa wana wenu wanaumwa wapi kabla ya kuwauliza wamezaa nini.

Nimemaliza. Vidonge ni vichungu, kwa hivyo kuleni kwanza. Kuna uji kwenye ile sufuria. Mama Dorka ataanza kuwapakulia.